Lita Tano kwa Goti la Meja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Meja, mbwa wangu, ameharibu goti. Jana baada ya kanisa aliona kuku wa Kigen juu ya ukuta, akaruka. Kuku akahama. Meja akatua upande wa pili kwa mguu mmoja wa nyuma, kilo sitini na mbili zote, akapiga ukemi uliomtoa Kigen chooni suruali mkononi. Huyu Kigen ni jirani yangu hapa mtaani West Indies. Ana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na mbwa mmoja wa rangi ya vumbi anayekula ugali baridi na hajawahi kuugua tangu azaliwe. Aliniambia hivyo tukiwa tumembeba Meja kwa blanketi, yeye upande wa mkia. Aliniambia mara mbili.

Leo tumeenda kwa Daktari Chepkoech. Kano la goti limechanika. Upasuaji! Elfu arobaini na tano, na kabla ya wiki tatu kwisha. Tukichelewa, goti la pili litabeba mzigo wote, nalo litaharibika. Daktari akasema mbwa wa aina ya Great Dane asiyeweza kusimama haishi siku nyingi. Alisema akiendelea kuandika. Mimi nilitafuta kiti.

Mke wangu Musimbi hakushtuka. Ni mhasibu wa shule, watu hao hawashtuki. Alinikumbusha kwamba siku tuliyomleta Meja tuliandika bajeti: chakula, chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na elfu tatu kila mwezi za dharura, kwenye akaunti yangu, kwa sababu mbwa ni wangu. Miaka miwili sasa. Elfu sabini na mbili. Akauliza, "Si basi iko, Baba Diana?" Nikasema iko.

Haiko. Iko shilingi mia nne kumi na mbili. Zingine zilienda kwa kware, ambao walikufa. Halafu zikaenda kwa miche ya parachichi ili kufidia kware. Nayo ikakauka. Najitetea hapa, mahali ambapo hakuna anayenikatiza: zote zilikuwa dharura.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika kwa Daktari Chepkoech saa moja asubuhi na pendekezo la kiungwana. Vizimba sita vya kware, karibu vipya, badala ya pesa taslimu. Akakataa. Nikaongeza kitabu cha ufugaji wa kware. Akaniuliza kama nimeona saa za kufungua kliniki zilizoandikwa mlangoni.

Kazini nikamwomba Bwana Gichuru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakokaa kaunta, anikopeshe kutoka mshahara. Akauliza ile ya Desemba iliishia wapi. Watu wengine wana kumbukumbu ya ajabu.

Lakini saa nane Mungu akanikumbuka! Mkulima mmoja kutoka kule Soy alinunua misumari, akasahau fomu kwenye kaunta. Ya ushirika wa maziwa. Mwanachama akileta lita tano kila siku kwa siku kumi na nne mfululizo, ushirika unamlipia matibabu ya ng'ombe wake, kwa daktari yeyote, hadi elfu hamsini. Upasuaji umo. Nikaisoma mara tatu.

Meja ni mweupe mwenye mabaka meusi. Kimo chake ni kifuani kwangu akisimama vizuri. Kinachokosekana ni pembe tu, na ng'ombe wa siku hizi hukatwa pembe. Daktari akiniandikia risiti ya goti, nani atauliza ni la nani? Goti ni goti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda Soy. Bwana Gichuru anajua niko kwenye mazishi.

Karani wa ushirika anaitwa Purity, mwenye heshima nyingi na maswali mengi zaidi. Ng'ombe ni wa aina gani? Friesian. Amezaa lini? Katikati ya Januari. Purity akanipongeza, nikashukuru. Picha iko? Nikamwonyesha ubavu wa Meja kwenye simu, bila kichwa na bila mkia. Akaitazama sana, akaniambia nimtumie aichapishe. Akasema ngozi ni nzuri, inang'aa, lakini amekonda upande wa kiuno, nimwongezee dairy meal. Nikaahidi.

Halafu akauliza jina. Sikuwa nimefikiria jina! Meja si jina la ng'ombe mwenye maziwa. Kalamu yake iko juu, foleni inanisukuma mgongoni, mzee mmoja anakohoa kwa makusudi. Mdomo wangu ukasema Seline. Purity akaandika, akagonga muhuri.

Nimefika stendi ndipo nikaelewa nilichofanya. Seline ni mama mkwe wangu! Kwetu mtu hamtaji mama mkwe kwa jina. Hamshiki mkono. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Miaka kumi na saba ya ndoa sijawahi kutamka jina hilo hata nikiwa peke yangu bafuni. Leo nimelitamka mara ya kwanza, na nimeliandikisha kwa Friesian aliyezaa Januari.

Nimekimbia kurudi. Purity akasema kubadilisha jina ni mia tano. Nikafikiria. Mama yuko Mbale, na Mbale ni mbali. Nikaacha.

Nambari ya simu niliandika ya Musimbi. Yangu huzimwa mara kwa mara kwa sababu ya wale wa mkopo wa kware. Ushirika unahitaji mtu anayepatikana.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya pili ya maziwa. Gari la ushirika linapita barabara kuu saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Ninanunua kwa Kigen lita tano kwa sitini na tano kila lita, ninauza ushirika kwa hamsini. Hasara ya sabini na tano kwa siku. Mara kumi na nne, elfu moja na hamsini. Kwa elfu moja na hamsini ninapata upasuaji wa elfu arobaini na tano! Sijui kwa nini watu wanasema mimi sijui hesabu.

Kigen alitaka kujua lita tano za nini kwa watu wawili, na Diana wetu yuko shule ya bweni. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo, daktari ameniamuru. Akanipa pole ya kutoka moyoni. Kisha akapandisha bei hadi sabini.

Musimbi ameniona nikitoka na mtungi gizani. Alinitakia siku njema.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Kijana wa gari la ushirika ametumbukiza kile kipimo chake kwenye mtungi wangu, akakitazama, akaniambia mbele ya akina mama wanne kwamba Seline anatoa maji. Akaandika onyo. Onyo la pili, ninafutwa. Mama mmoja akasema wengine tunaliua jina la wakulima.

Kigen! Anatia maji! Na siwezi kulalamika, maana mimi ni mgonjwa wa vidonda, maziwa nakunywa mwenyewe. Jioni nilimgusia kwa adabu kwamba maziwa yake ni mepesi kidogo. Akasema ameyafanya hivyo kwa ajili yangu. Mazito yanachoma tumbo. Alikuwa na sura ya mtu anayengoja ashukuriwe, kwa hiyo nikamshukuru.

Nimemwambia daktari ameniruhusu mazito. Mazito ni themanini kwa lita.

Jumatano, 12 Machi

Meja anatembea kwa miguu mitatu, na hiyo mitatu inamtosha kwa uhalifu. Usiku alifungua mlango wa jikoni kwa pua, akaangusha mtungi, akanywa lita tano zote. Nimemkuta saa kumi na moja akiwa amelala kwenye dimbwi, tumbo kama ngoma, akitikisa mkia. Kumpiga siwezi. Ule mguu mbaya ameukunja chini yake, anautetemesha anapolala.

Nilikimbia hadi duka linalofunguliwa alfajiri. Pakiti kumi za nusu lita, shilingi sitini kila moja. Nikazipasua nyuma ya kibanda cha mtu wa chapati, nikamwaga mtungini. Mwenye chapati aliniangalia akaacha kugeuza chapati.

Kipimo kikapita. Kikapita sana! Kijana wa gari akasema hajaona maziwa safi hivi kutoka mjini. Seline amepewa daraja la kwanza.

Hesabu mpya: nimeshatumia elfu mbili na ushee za mshahara. Bado ni faida.

Ijumaa, 14 Machi

Mambo yameharibika, lakini si sana.

Tulikuwa tunakula. Simu ya Musimbi ikalia. Akasoma, akaweka kijiko chini, akasoma tena, safari hii kwa sauti. "Mpendwa mwanachama Lawrence Lusweti. Seline amefikisha siku sitini tangu azae. Mtaalamu wa AI atafika kwako Jumatatu saa nne kumpandikiza mbegu. Hakikisha amefungwa vizuri na amekula."

Nikasema ni matapeli. Wako wengi siku hizi, wanatuma ujumbe wowote. Musimbi akasema tapeli huyu anajua jina langu. Na la mama yake. Nikasema ndiyo hatari yao.

Hakugomba. Alimaliza chakula, akaosha sahani, akaenda chumbani na simu akafunga mlango. Nilisikia akisema "Mama" kwa sauti ya chini, halafu akacheka, halafu hakucheka.

Nimejaribu kumpigia Purity azuie huyo mtaalamu. Ofisi imefungwa hadi Jumatatu saa tano. Mtaalamu anafika saa nne.

Jumatatu, 17 Machi

Lazima niandike yote kabla sijalala.

Mpango ulikuwa mzuri. Ningemlipa Kigen mia tano nimkodi ng'ombe wake mmoja kwa saa moja. Kigen akataka elfu moja, na akataka kujua vidonda vya tumbo vinahusiana vipi na ng'ombe. Tukiwa bado tunabishana ukutani, teksi ikasimama langoni kwangu. Akashuka mama mkwe.

Mama, kutoka Mbale, na mwavuli na mkoba wake wa kanisa! Nikaruka nyuma ya tangi la maji kama desturi inavyotaka. Musimbi akamtolea kiti, akakiweka verandani, Mama akakaa ametazama ukuta ili tusionane. Nikamsalimu kupitia kwa Musimbi. Musimbi akapeleka salamu hatua tatu, akarudi na jibu. Jibu lilikuwa kwamba Mama amesikia ana mgeni hapa saa nne.

Saa nne kamili, pikipiki. Mtaalamu anaitwa Kipyego. Mtungi wake wa gesi baridi nyuma, gamboti, na glavu ya kufika begani, ambayo alianza kuivaa hata kabla ya kusalimu. Akasema, "Mzee, habari ya asubuhi. Seline yuko wapi? Niko na wengine saba leo."

Kigen alikuwa ukutani, viwiko viwili juu, amekaa vizuri.

"Ni mimi," akasema Mama kwa ukuta.

Kipyego akamtazama Mama. Akatazama glavu. Akanitazama mimi nyuma ya tangi. Kabla sijapata la kusema, Meja akatoka nyuma ya nyumba kwa miguu mitatu, akamwona mgeni, akafurahi, akamwegemea. Kilo sitini na mbili. Kipyego akaenda chini pamoja na mtungi. Fomu yake ikadondoka, na ile picha ya ubavu ilikuwa imebanwa juu yake, na ubavu wenyewe ulikuwa umesimama hapo hapo juu yake ukihema.

Ni mtu mzuri, Kipyego. Alicheka mpaka akatoa glavu ajifute macho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nimefutwa ushirika, na maziwa yangu ya siku kumi na moja hayatalipwa, na alimpapasa Meja goti, akasema nisicheze na goti hilo, huyo mbwa yuko na maumivu kuliko anavyoonyesha. Hapo ndipo niliona aibu kweli. Si kwa sababu ya Mama. Kwa sababu nilikuwa nimebakisha wiki moja, sina hata senti, na mbwa wangu alikuwa bado anatikisa mkia.

Hukumu ya Mama ililetwa na Musimbi, hatua tatu. Mkwe aliyetaja jina la mama mkwe analipa mtamba. Aliyelitaja kwa njia hii, mtamba mwenye mimba. Mama hakunywa chai. Kigen alimwitia teksi.

Jumanne, 18 Machi

Nimekiri. Nilimwambia Musimbi yote: kware, parachichi, mia nne kumi na mbili, ambayo sasa ni kumi na mbili. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule. Nilimwambia auze televisheni, auze kochi, auze baiskeli yangu, lakini Meja afanyiwe.

Akaendelea kukunja nguo. Akasema alijua kuhusu akaunti tangu Novemba mwaka juzi, siku aliyowaona kware. Tangu mwezi ule alikuwa akiweka elfu tatu zingine pembeni, zake, mahali nisipopajua. Daktari Chepkoech alilipwa zote tarehe nne. Tarehe nne! Saa nane mchana, nikiwa kaunta nasoma fomu ya watu wa Soy. Meja amepangiwa Alhamisi hii tangu wakati huo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Akasema hakutarajia nifike kwa mama yake.

Nimekaa na Meja kwenye zulia lake mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Nina mke bora kuliko ninavyostahili. Nimeandika hivyo na sifuti.

Alhamisi, 20 Machi

Meja alikaa ndani kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilikaa nje kwenye benchi na kola ya Meja mkononi, na nililia, na mwanamke mwenye mbuzi alinipa leso. Daktari Chepkoech akatoka akasema imekwenda vizuri, kano limeshikwa, atembee taratibu kwa kamba, asiruke wiki nane. Wiki nane! Mbwa huyu huruka akisikia pakiti ya mkate. Lakini atatembea. Nilitaka kumkumbatia daktari, akarudi nyuma akanipa karatasi ya dawa.

Jioni Kigen alileta chupa ya maziwa ya mgonjwa, akakataa pesa. Nikaguswa. Meja akayanusa, akayaonja, akageuza uso. Yalikuwa na maji.

Jumamosi, 12 Aprili

Meja anaweka mguu chini! Leo amevuka uwanja wote bila kuchechemea, akakojoa kwenye pikipiki ya mtu, akarudi. Daktari Chepkoech alikuja nyumbani kumkagua, maana kumpakia kwenye gari ni kazi ya watu wanne. Anasema goti ni zuri sana. Atakuja kila mwezi mpaka mwaka uishe.

Musimbi ameanza kuniamini tena. Asubuhi alinikabidhi elfu ishirini na tano, malipo ya kwanza ya mtamba wa Mama, nimpelekee muuzaji kule Soy. Alinitazama machoni akasema, "Moja kwa moja, Baba Diana." Nikaenda moja kwa moja.

Lakini njiani nilitafakari bajeti, kama mtu aliyejifunza. Daktari anatoza elfu mbili kwa kila ziara ya nyumbani. Nilimuuliza kabla hajaondoka kama bei hubadilika mbwa wakiwa wengi. Akasema hapana, ni nauli na muda, awe mmoja au kumi. Hakujua alichoniambia! Tatizo letu miaka hii yote halikuwa kware. Tatizo ni kwamba tuna mbwa mmoja tu.

Na pale Soy, mita hamsini kabla ya boma la muuzaji wa mitamba, kuna bwana anayeitwa Shitanda ambaye Great Dane wake amezaa. Sikumtafuta, bango lake liko barabarani. Alitaka elfu tisa kwa kila mmoja. Nikamshusha hadi elfu ishirini na tano kwa watatu, nikalipa.

Wanakuja Jumatano. Muuzaji wa mitamba ameelewa, Mama ataelewa, Musimbi nitamweleza nikiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Mbwa mmoja, elfu mbili kwa ziara. Mbwa wanne, mia tano kila mmoja. Hawajafika hata nyumbani na tayari nimeokoa elfu moja na mia tano kwa kila mbwa.